Orodha ya Nyimbo Bora, Siku ya Taifa na Mpaka wa Mawimbi: Redio na Kumbukizi katika Mji wa Gisenyi (Rubavu)

Ikisiri

Orodha ya nyimbo bora inayotangazwa na redio katika siku ya taifa huchukuliwa kuwa burudani isiyo na madhara. Makala hii inaeleza ni kwa nini orodha ya namna hiyo huweza kuzua mgogoro mkubwa, na ni nini hasa hugombaniwa: tarehe, wimbo, au mamlaka ya kuchagua. Mjadala unaanzia kwenye mgogoro wa orodha ya nyimbo ya redio Triple J nchini Australia, kisha unahamia Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu unaopakana na Goma. Mambo matatu yanachunguzwa: nafasi ya wimbo wa siku ya taifa katika historia ya Rwanda, utaratibu wa muziki wa redio katika kipindi cha kumbukizi cha mwezi Aprili, na hali ya mji ambamo mawimbi ya redio ya nchi mbili hukutana. Makala inabainisha pia kwamba Kiswahili cha vyombo vya habari hakijatenganisha vya kutosha maneno *sikukuu*, *maadhimisho* na *kumbukizi*, na kwamba utepetevu huo wa istilahi una athari za kisera. Mapendekezo yanatolewa kwa watunga sera, wasimamizi wa utangazaji na asasi za Kiswahili.

Istilahi muhimu: redio, orodha ya nyimbo bora, kumbukizi, siku ya taifa, Rubavu, Goma

1.0 Utangulizi

Kalenda ya mji wa Gisenyi ina juma moja lisilo na kifani katika Afrika Mashariki. Tarehe 30 Juni ni siku ya uhuru wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo mji wake wa Goma umeungana na Gisenyi kiasi kwamba mtu huvuka kutoka mmoja kwenda mwingine kwa miguu. Tarehe 1 Julai ni siku ya uhuru wa Rwanda, uliopatikana mwaka 1962. Tarehe 4 Julai ni *Kwibohora*, siku ya ukombozi, inayokumbuka kutekwa kwa Kigali na jeshi la RPF mwaka 1994 na kukomeshwa kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Katika siku tano, msikilizaji mmoja mwenye redio moja ndogo hupita katika siku tatu za mataifa mawili, na kila moja ina nyimbo zake.

Miezi mitatu kabla ya juma hilo huja siku nyingine. Tarehe 7 Aprili huanza kumbukizi ya mauaji ya kimbari, *Kwibuka*. Juma la kwanza, hadi tarehe 13 Aprili, ni juma la maombolezo ya taifa, na kumbukizi huendelea kwa siku mia moja, yaani hadi mwanzoni mwa Julai. Hivyo, siku ya uhuru ya 1 Julai huangukia ndani ya siku hizo mia moja. Swali la wimbo upi upigwe, na lini, si swali la ladha pekee katika mazingira kama hayo. Ni swali la nani anasikilizwa pale taifa linapojisimulia.

Makala hii inachukulia kwamba mgogoro juu ya muziki wa redio katika siku ya taifa huwa na tabaka tatu. Tabaka la kwanza ni la tarehe: je, siku hiyo ni ya furaha kwa wote? La pili ni la wimbo wenyewe: unasema nini, na ulitumiwa vipi hapo awali? La tatu ni la mamlaka: ni wasikilizaji, mtangazaji, serikali au waathirika wanaostahili kuchagua? Migogoro mingi hudumu muda mrefu kwa sababu wanaobishana hawako katika tabaka moja.

2.0 Mfano wa Australia: kura dhidi ya tarehe

Redio Triple J ni kituo cha vijana cha shirika la utangazaji la umma la Australia, ABC. Orodha yake ya nyimbo mia bora, iliyoanza mwaka 1989, hupatikana kwa kura za wasikilizaji. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ilizoeleka kutangazwa tarehe 26 Januari, siku ya taifa ya Australia, nayo ikawa sehemu ya siku hiyo sawa na nyama choma na mapumziko ya ufukweni.

Tarehe hiyo inakumbuka kufika kwa meli za Waingereza katika ghuba ya Sydney mwaka 1788. Kwa wenyeji wa asili wa nchi hiyo, huo ndio mwanzo wa kunyang'anywa ardhi. Wanaharakati wao waliitangaza kuwa siku ya maombolezo mapema mwaka 1938, wakati walowezi wakifurahia miaka 150 ya kufika kwao. Katika orodha ya mwaka 2016, wimbo wa kundi la A.B. Original uliopewa jina la tarehe hiyohiyo, na ulioipinga waziwazi, ulishika nafasi ya 16. Pingamizi dhidi ya siku lilikuwa sasa linasikika ndani ya sherehe ya siku yenyewe.

Mwaka 2017 kituo kiliendesha kura ya maoni. Takribani watu 65,000 walishiriki, na asilimia 60 waliunga mkono kuhamishwa kwa orodha. Mwezi Novemba mwaka huo kituo kilitangaza kwamba orodha itahamia wikendi ya nne ya Januari, na ile iliyofuata ilitangazwa tarehe 27 Januari 2018. Waziri wa mawasiliano aliulaumu uamuzi huo, na chama kimoja cha wahafidhina kikatunga orodha yake mbadala ya nyimbo za Kiaustralia, ambayo baadhi ya wasanii waliokuwamo waliikataa.

Mambo mawili katika tukio hili yana uzito kwa mjadala wa Afrika Mashariki. Kwanza, hakuna wimbo uliopigwa marufuku. Kilichobadilishwa ni uhusiano wa orodha na tarehe. Pili, suala lililowaumiza watu wachache liliamuliwa kwa kura ya wengi. Wenyeji wa asili ni takribani asilimia 3 tu ya wakazi wa Australia, na kwa hesabu peke yake wasingeweza kushinda. Safari hii wengi waliamua kwa upande wao, lakini utaratibu wenyewe hautoi hakikisho hilo. Orodha ya nyimbo bora ni hesabu, na katika hesabu kila kura ni sawa na nyingine. Maumivu hayagawanywi kwa usawa huo.

3.0 Wimbo wa siku ya taifa mbele ya mahakama

Rwanda inajua kuliko nchi nyingi kwamba wimbo wa siku ya taifa unaweza kuhama kutoka uwanja wa sherehe hadi mahali pengine kabisa. Simon Bikindi, mtunzi na kiongozi wa kundi la ngoma la Irindiro, alikuwa mzaliwa wa mkoa wa zamani wa Gisenyi. Wimbo wake *Twasezereye*, unaohusu kuuaga ufalme, ulitungwa mwaka 1987 kwa ajili ya miaka 25 ya uhuru. Kwa asili yake ulikuwa wimbo wa tarehe 1 Julai.

Miaka michache baadaye, vita vikiwa vimeanza na mazungumzo ya amani ya Arusha yakiendelea, wimbo huohuo ulipata kazi nyingine. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, ilivutia wasikilizaji kwa muziki uliopendwa, ukiwamo wa Zaire ya wakati huo, na kwa watangazaji waliozungumza kwa mtindo wa mtaani. Katikati ya muziki huo ndimo chuki ilimopitishwa. Nyimbo za Bikindi zilipigwa tena na tena, na maneno yaliyotungwa kuusifu mwisho wa ufalme yakasikika kama wito dhidi ya Watutsi wote.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyoketi Arusha ilitoa hukumu ya Bikindi tarehe 2 Desemba 2008. Ilizichambua nyimbo tatu, ikaona kwamba zilipotosha historia ili kujenga umoja wa kikabila na kwamba zilitumiwa katika kampeni ya propaganda ya mwaka 1994. Hata hivyo, haikumtia hatiani kwa nyimbo hizo, kwa kuwa haikuthibitika kwamba yeye ndiye aliyehusika kuzirusha hewani mwaka huo. Alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa uchochezi wa moja kwa moja, kutokana na maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti cha gari, mwishoni mwa Juni 1994, katika barabara ya Kivumu na Kayove, ndani ya mkoa wa Gisenyi. Rufaa ilithibitisha hukumu hiyo mwaka 2010.

Tofauti iliyowekwa na mahakama kati ya utunzi na urushaji haijapewa uzito wa kutosha katika mijadala ya sera za utangazaji. Wimbo wa mwaka 1987 haukubadilika hata neno moja kufikia mwaka 1994. Kilichobadilika ni saa ya kupigwa kwake, kituo kilichoupiga, na maneno ya mtangazaji kabla na baada yake. Mpangaji wa vipindi, ambaye jina lake msikilizaji halijui, ana sehemu yake katika maana ya wimbo.

4.0 Aprili katika redio za Rwanda

Kutokana na historia hiyo, Rwanda ilichagua njia iliyo kinyume na ya kura. Katika juma la maombolezo, burudani huwekwa kando, ngoma na muziki wa starehe husitishwa, na redio hubadili sauti. Orodha za nyimbo bora hukoma. Nafasi yake huchukuliwa na ushuhuda wa manusura, *ubuhamya*, mazungumzo ya historia, na nyimbo za kumbukizi. Nyimbo hizi zimekuwa utanzu kamili. Mara nyingi hutungwa kwa ajili ya mahali maalumu, zikitaja vilima na majina ya waliouawa. Dieudonné Munyanshoza na Suzanne Nyiranyamibwa ni miongoni mwa waimbaji wanaofahamika sana katika utanzu huo.

Kwa mji wa Gisenyi, ukimya wa burudani una sababu iliyo karibu na kila mtu. Makaburi yaliyojulikana kama Commune Rouge, ambako Watutsi wa mji walipelekwa na kuuawa, yamo ndani ya mji wenyewe. Serikali ya mpito iliyosimamia mauaji ilihamia Gisenyi katika majuma yake ya mwisho. Tarehe 4 Julai 1994, siku ambayo taifa sasa huiadhimisha kuwa ya ukombozi, Gisenyi ilikuwa bado mikononi mwa serikali hiyo, na mji haukutekwa hadi katikati ya mwezi. Siku ya taifa na siku ya mahali si lazima zilingane, na redio ya mahali hubeba zote mbili.

Njia hii nayo ina mgogoro wake. Mwezi Machi 2014, Kizito Mihigo, manusura wa mauaji ya kimbari na mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za dini na za kumbukizi, alitoa wimbo *Igisobanuro cy'urupfu*, yaani maana ya kifo. Wimbo huo uliwaombea pia watu waliouawa katika ukatili usiobeba jina la mauaji ya kimbari. Kwa waliousikia kwa huruma ya Kikristo, ulikuwa ni upanuzi wa rehema. Kwa waliousikia kwa masikio ya manusura wanaopambana na wakanushaji, ulifungua mlango wa kusawazisha mauaji ya kimbari na vifo vingine. Wimbo ulitoweka hewani. Mwezi uliofuata mwimbaji alikamatwa, na Februari 2015 alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa makosa yaliyohusu njama dhidi ya serikali. Alisamehewa Septemba 2018, kisha akakamatwa tena na kufa katika mahabusu ya polisi Februari 2020. Polisi walisema alijiua. Mashirika ya haki za binadamu yalitaka uchunguzi huru.

Kesi ya jinai na suala la wimbo si jambo moja, na makala hii haikusudii kuyachanganya. Linalohusu sera ya redio ni hili: mtu aliyekuwa sauti ya kumbukizi alitoka katika vipindi vya Aprili, na msikilizaji hakupewa maelezo ya kihariri ya kwa nini wimbo mmoja unafaa na mwingine haufai. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu itikadi ya mauaji ya kimbari inaainisha makosa kama kukanusha, kupunguza uzito na kuhalalisha. Lakini kati ya kosa la jinai na wimbo unaofaa kuna eneo pana ambalo sheria haiwezi kulisimamia bila kuwatia watangazaji hofu. Hofu hiyo humfanya mpangaji wa vipindi achague nyimbo zilezile kila mwaka, na kumbukizi inayorudiwa bila kufikiriwa huchakaa.

5.0 Mpaka wa mawimbi

Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka na huzuiwa na milima, lakini kati ya Gisenyi na Goma hakuna mlima. Kituo cha Goma husikika Gisenyi, na kituo cha Rubavu, kama RC Rubavu ya shirika la utangazaji la Rwanda, RBA, husikika Goma. Upande wa Rwanda masafa husimamiwa na RURA. Upande wa Kongo maudhui huangaliwa na baraza la CSAC. Kila chombo kina mamlaka juu ya mtangazaji wa nchi yake. Hakuna chenye mamlaka juu ya kidole cha msikilizaji kinachozungusha kitafuta-mawimbi.

Matokeo yake huonekana wazi katika Aprili. Nyumba moja ya Gisenyi inaweza kusikia ushuhuda wa manusura, na nyumba ya pili ikasikia rumba kutoka ng'ambo. Hakuna sheria ya Kongo inayovunjwa na kituo kinachopiga rumba, kwani kwa Goma hiyo ni siku ya kawaida. Kwa manusura anayesikia muziki huo kupitia ukuta wa jirani, siku hiyo si ya kawaida. Kosa halina mkosaji, na maumivu yapo.

Hali hiyo hugeuka pia. Kongo ina siku zake za huzuni: tarehe 4 Januari ya mashujaa wa uhuru, tarehe 17 Januari ya Patrice Lumumba, na tangu sheria ya Desemba 2022, tarehe 2 Agosti ya kuwakumbuka wahanga wa vita vya Kongo. Siku hizo redio za Rwanda huendelea na ratiba zao. Hata tarehe 30 Juni, ambapo wimbo *Indépendance Cha Cha* wa Grand Kallé na African Jazz, uliotungwa Brussels mwaka 1960, hutarajiwa kusikika, ng'ambo ya mpaka ni siku mia moja za kumbukizi zinazokaribia mwisho.

Uhusiano wa nchi hizi mbili umekuwa mgumu, na zaidi tangu Goma ilipotwaliwa na M23 mwezi Januari 2025. Katika hali hiyo, kila wimbo unaovuka mpaka unaweza kusomwa kama kejeli ya makusudi. Ndiyo sababu jambo linaloonekana dogo, yaani ratiba ya muziki, linastahili kuzingatiwa na washauri wa sera kabla halijawa kubwa.

6.0 Suala la istilahi

Kiswahili ndicho lugha inayosikika pande zote mbili za mpaka huu: sokoni, kwenye vizuizi na redioni. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Hata hivyo, msamiati wa siku za taifa katika Kiswahili cha habari umejaa mtego.

Neno *sikukuu* hutumiwa kwa siku yoyote ya mapumziko ya umma. Kwa msikilizaji wa kawaida, sikukuu ina pilau, nguo mpya na muziki. Tarehe 7 Aprili ni siku ya mapumziko ya umma, lakini kuiita sikukuu ni kuitia furaha isiyo yake. Neno *maadhimisho* linaonekana salama zaidi, ila shina lake la Kiarabu linabeba maana ya ukuu na utukufu. Kuadhimisha uhuru ni sahihi. Kuadhimisha mauaji ya kimbari ni kuyatukuza bila kukusudia, ijapokuwa matumizi hayo yameenea katika tafsiri za habari. *Kumbukizi*, na kwa hali maalumu *maombolezo*, hubeba vizuri zaidi maana ya neno la Kinyarwanda *kwibuka*, ambalo maana yake ni kukumbuka.

Tofauti hii si ya wanaisimu pekee. Mpangaji wa vipindi anayepokea waraka unaosema "sikukuu ya kitaifa" ataandaa orodha ya nyimbo bora. Anayepokea waraka unaosema "siku ya kumbukizi" atasita na kuuliza. Mitaani watu hawapati taabu hiyo: hakuna Mswahili anayechanganya harusi na matanga. Lugha ya ofisi ndiyo iliyopoteza mpaka ambao lugha ya nyumbani bado inaulinda.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala imeonesha kwamba mgogoro wa muziki katika siku ya taifa ni mgogoro wa tarehe, wimbo na mamlaka kwa pamoja. Australia iliacha wimbo huru na kuhamisha tarehe, kwa kura. Rwanda iliishika tarehe na kuuongoza wimbo, kwa mamlaka ya dola. Njia ya kwanza huwaacha wachache katika huruma ya wengi. Ya pili huwalinda manusura, lakini huweza kuifunga kumbukizi ndani ya nyimbo zilizokwisha kuidhinishwa. Rubavu inaongeza jambo ambalo hakuna kati ya njia hizo inayolijibu: msikilizaji anayeishi kati ya kalenda mbili. Kwa msingi huo, yafuatayo yanapendekezwa.

Kwanza, wasimamizi wa utangazaji watenganishe waziwazi kosa la jinai na uamuzi wa kihariri. Mwongozo wa muziki wa Aprili uandikwe, utolewe pia kwa Kiswahili, na ueleze sababu, ili mtangazaji aongozwe na uelewa badala ya hofu.

Pili, vituo vya Rubavu na Goma vibadilishane kalenda ya siku za kumbukizi kila mwanzo wa mwaka. Hatua hii haihitaji mkataba wa nchi. Inahitaji ujirani, na kituo kinachojua kwamba jirani amefiwa kinaweza kupunguza sauti bila kuamriwa.

Tatu, manusura na familia za wahanga washirikishwe katika kupanga vipindi vya siku hizo, wala mashauriano hayo yasigeuzwe kuwa kura. Idadi ya waliofiwa si kipimo cha haki yao.

Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda na Kongo zote zinahusika nayo kwa uanachama wao katika Jumuiya, isanifishe istilahi za siku za umma na kutenga *sikukuu*, *maadhimisho* na *kumbukizi* katika kalenda na matangazo rasmi.

Tano, rekodi za vipindi vya muziki zihifadhiwe pamoja na ratiba zake. Hukumu ya mwaka 2008 ilionesha kwamba ushahidi wa nani alipiga wimbo gani, saa ngapi, una uzito sawa na ushahidi wa nani aliutunga. Bila kumbukumbu hizo, watafiti watabaki na nyimbo zisizo na saa, na historia itakosa nusu ya maana yake.

Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, huja siku tatu tu baada ya *Kwibohora*, wakati siku mia moja za kumbukizi zimekwisha na redio zimerudia nyimbo zake. Hicho ni kipindi kinachofaa kwa watangazaji wa pande zote mbili za mpaka kuketi pamoja na kupanga Aprili inayofuata.